Chupa ya Kumi na Tisa

Treni ya kutoka Nairobi ilichelewa saa nzima siku hiyo, na soko la Emali lilikuwa limefurika hadi kando ya reli. Mbuzi, magunia ya mbaazi, akina mama wenye vibuyu vya asali, madereva wa malori ya Loitokitok wakigombania kivuli: kila mtu alikuwa pale, na kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake. Mutindi alisimama mlangoni pa ghala la stesheni akingoja bunda la vitambaa vya Bwana Hemedi. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye mkanda mpana na marinda ya kutosha kumfunika mtu wa pili. Alilishona mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa cherehani barazani pa duka la Hemedi, na alijua vizuri kwamba fundi aliyevaa ovyo hapati wateja.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wa hamsini na tano. Mvua zilikuwa zimeanza, na pamoja na mvua walikuja viwavi jeshi, wale weusi wanaohama shamba hadi shamba wakiacha vijiti vitupu.

Kutoka behewa la daraja la tatu akashuka mwanamume mrefu, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama, soksi hadi magotini, na sanduku la mbao lenye matundu amelikumbatia kwa mikono miwili. Mchukuzi mmoja akataka kumsaidia, akakataa. Mchukuzi akaona amedharauliwa, akalivuta kwa nguvu. Kifuniko kikafunguka na vilivyokuwemo vikamwagikia marinda ya manjano ya Mutindi.

Walikuwa viwavi, wanene, wazima, na wenye haraka.

"Dada, tafadhali usisogee," mwanamume akasema, tayari amepiga magoti.

"Nisisogee, na hawa wananipanda?"

"Ukisogea utawakanyaga. Nilikuwa nao sitini."

Akaanza kuwaokota mmoja mmoja akihesabu kwa sauti, kama mtu aliye peke yake nyumbani kwake, na watu wakajaa kutazama. Alipofika hamsini na tisa akanyamaza. Akatazama chini, akatazama reli, kisha akatazama marinda kwa aibu kubwa.

"Kuna mmoja kwako," akasema.

"Na huyo hutamtafuta wewe," Mutindi akajibu. Akayafunua marinda moja baada ya lingine kwa vidole vyake vya ufundi, akampata wa sitini amejikunja kwenye mshono, akamweka kiganjani mwa yule bwana. Yule bwana akashukuru kama aliyerudishiwa mtoto. Akasema anaitwa Mwangangi, kwao ni upande wa Kwa Vonza kule Kitui, ni msaidizi wa maabara ya kilimo Nairobi, na ametumwa Emali kwa miezi miwili kuchunguza viwavi.

Mutindi akaitikia kwa kichwa. Uso ulikuwa mzuri, na mikono ilikuwa mipole. Lakini kila mwanamume aliyeshuka kwenye treni alikuwa na hadithi yake, na Mutindi alikuwa ameshasikia moja.

Hiyo moja ilikuwa ya karani wa reli aliyemchumbia na kumwandikia barua miaka miwili. Mutindi alipoamua kumtembelea Mombasa bila kumwarifu, kuku wa zawadi chini ya kwapa, alifunguliwa mlango na mwanamke mjamzito aliyekuwa akianika shati, na shati lenyewe alilishona Mutindi. Karani alimwomba wiki mbili za kueleza mambo. Mutindi alimwachia kuku, akapanda treni ya kurudi. Tangu siku hiyo alikuwa haamini shati mpaka aligeuze ndani nje.

Kesho yake Mwangangi alikuja barazani na kifungo kilichokatika. Kesho kutwa akaja na kingine. Siku ya nne Mutindi alimwambia kwamba huo mkono unaokata vifungo umechoka, heri aje tu aketi. Akaja akaketi. Wakacheka. Jumapili baada ya ibada wakatembea kando ya reli, yeye amevaa kofia yake ya pama na Mutindi gauni la buluu lenye kola nyeupe, na kufikia wiki ya tatu Mwangangi alikuwa akimwita *mwendwa*, mpenzi, kwa sauti ya chini inayofanya neno hilo lionekane halijawahi kutumiwa na mtu mwingine. Mutindi alimpenda. Hilo halikuwa na ubishi. Alimpenda mpaka akawa anasikia hatua zake kwenye changarawe kabla hajafika, na ndiyo maana akaanza kumchunguza.

Mwangangi alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la Hemedi, vyenye mlango katikati, na madirisha ameyafunika kwa gunia. Kufuli moja kubwa mlangoni. Mtu mmoja anahitaji vyumba viwili vya nini? Kila siku adhuhuri alibadilisha shati. Alinawa mikono hadi viwikoni kwa sabuni, halafu kwa dawa yenye harufu ya hospitali, ndipo amshike mkono. Mutindi aliposema atampelekea chakula huko kwake, alisema hapana upesi mno. Na akiulizwa habari za kazi alijibu, "Ni wadudu tu, mwendwa," akaanza kusifia hali ya hewa.

Shufaa, mke wa Hemedi, ndiye aliyemaliza kazi. Alikuwa mzaliwa wa pwani, mcheshi, na hakuna kilichompita.

"Shoga, mimi si mchonganishi," alisema asubuhi moja, na hapo Mutindi akajua uchonganishi unakuja. "Nimepita nyuma kuanika nguo. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Anambembeleza mtu mle ndani. 'Kula basi, mrembo wangu, usinitie aibu mbele ya wakubwa.'"

"Mtu akajibu nini?"

"Hakujibu. Mwanamke anayebembelezwa namna hiyo ana haja gani ya kujibu?"

Jioni Mutindi alimwuliza Mwangangi, kama mzaha, ni nani anayekula kwake. Angecheka tu, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini alishtuka akauliza, "Nani amekwambia?" Kisha akamshika mikono yote miwili, akasema amvumilie wiki mbili tu, atamweleza yote.

Wiki mbili zile zile za Mombasa. Mutindi alitabasamu, akaenda zake akalia.

Siku ya tatu yake Mwangangi aliondoka alfajiri kwenda nyikani, upande wa Loitokitok, kutafuta viwavi wapya. Saa saba Mama Kaluki, mjane aliyemfulia nguo, akaleta suruali yake barazani. Mfuko ulikuwa umeraruka. Akaomba ushonwe, naye ataifuata baada ya treni ya saa nane. Mutindi alipougeuza mfuko ndani nje, kama alivyokuwa na mazoea, ufunguo ukaanguka juu ya meza ya cherehani.

Aliutazama muda mrefu. Alijua kabisa kwamba hapaswi. Akainuka, akazunguka nyuma, akafungua.

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na rafu za mbao na juu yake chupa za jemu, kila moja imefunikwa kitambaa na kufungwa uzi, na ndani ya kila chupa ubua mmoja wa nyasi. Kwenye ncha ya kila ubua alining'inia kiwavi, kichwa chini, mweusi, amelegea. Mutindi alifungua chupa moja akamgusa. Kiwavi akapasuka kwa mguso huo mdogo, akageuka maji meusi yaliyomtiririkia kidoleni, na ndani yake hapakuwa na kitu kigumu hata kidogo. Akajifuta kwa leso.

Angestahili kufurahi. Badala yake nywele zilimsimama. Alikulia Kathonzweni, na alijua watu wanasemaje juu ya mtu anayeweka vitu vilivyokufa kwenye chupa na kufunika madirisha. Kama ni mwanamke mwingine, angalau angejua jinsi ya kupambana naye. Uchawi ni jambo lingine. Akasukuma mlango wa kati.

Chumba cha pili kilikuwa na chupa ishirini na nne, zimepangwa safi, kila moja na namba. Humu viwavi walikuwa hai, wakila majani mabichi kwa bidii mpaka aliweza kuwasikia. Mutindi akaanza kufungua chupa hapa na pale, akiingiza kidole chini ya majani, akitafuta kile kinachotafutwa: nywele, kucha, labda kipande cha gauni lake la manjano. Hakukuta kitu. Alikuwa ameifungua chupa nyingine, kidole kikiwa bado hewani, treni ilipopiga king'ora. Akaifunga, akafunga na milango, akarudi mbio, akarudisha ufunguo mfukoni na kushona mfuko ule kwa mshono mzuri kuliko ulivyostahili. Mama Kaluki akaja, akachukua suruali, akashukuru.

Siku zilizofuata Mutindi hakuuliza neno, naye Mwangangi hakusema neno. Walikaa barazani wakizungumza habari za mvua.

Siku ya sita Mwangangi alikuja bila kofia. Aliketi kwenye kigoda kama mtu aliyetoka mazishini.

"Kazi yangu imekufa," alisema. "Nitakueleza sasa, maana hakuna tena cha kuficha."

Akaeleza. Kuna ugonjwa unaowaua viwavi jeshi. Mgonjwa hupanda juu ya jani, hujining'iniza kichwa chini na kuyeyuka, na maji yake yakidondokea majani, mwenzake akiyala naye huugua. Yeye anaamini kinachoua ni virusi, kitu kidogo kisichoonekana hata kwa darubini yake. Ikithibitishwa, mkulima ataweza siku moja kuokota wagonjwa wachache, kuwaponda, kuwachanganya na maji na kunyunyiza shambani, na viwavi watamalizana wenyewe. Ndiyo maana alikuwa na vyumba viwili, wagonjwa huku na wazima kule. Kila siku aliwalisha wazima kwanza, akiwabembeleza wale, halafu akawahudumia wagonjwa, halafu akanawa na kubadilisha shati, na hakumruhusu mtu kuingia.

"Wale wazima ndio mashahidi wangu," alisema. "Wakibaki hai, ina maana ugonjwa hutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mwenzake. Wakifa wenyewe bila kuguswa, ina maana ninasema upuuzi. Leo wamekufa sita. Nimepiga simu Nairobi. Wanasema ugonjwa pengine umo ndani yao tangu kuzaliwa, nifunge vyumba, nirudi Ijumaa kuosha chupa."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" Mutindi aliuliza.

Mwangangi akasema kwamba huko kwao aliwahi kuwaonyesha majirani chupa kama hizo. Wiki hiyo hiyo ng'ombe wa mtu akafa. Wazee wakamtaka aape kwa *kithitu*, kiapo kinachoogopwa Ukambani kote kwa kuwa mwongo akikila hufa yeye na watu wake. Yeye ni mtu wa kanisa, akakataa kuapa, na kukataa kukahesabiwa kuwa ni kukiri. Mama yake hadi leo hachotewi maji na mtu. "Niliogopa ukiona utanitazama kama walivyonitazama wao."

Mutindi aliinamisha kichwa. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga cherehani bila kitambaa chini ya sindano.

"Mtu aliingia mle," Mwangangi aliendelea. "Au labda nataka tu kuamini hivyo. Ufunguo siku ile ulibaki kwa Kaluki, na nimemfukuza kazi. Unajua alijitetea vipi? Eti suruali aliileta kwako. Nikamwambia asithubutu kukutaja wewe katika uongo wake."

Akainuka akaenda zake, na Mutindi hakumwita.

Sasa alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua Emali. Akinyamaza, Mwangangi ataondoka Ijumaa akiwa bado anampenda, na hatajua kamwe. Akisema, atajulikana kuwa ndiye aliyemwibia mtu ufunguo, akampeleleza na kumwulia kazi kwa kidole kimoja. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga siku mbili, na kila alipoipiga jibu lilikuwa lile lile: kumpoteza. Alijiambia kwamba mwanamume mwenye siri alijitakia. Alijiambia mengi.

Alhamisi asubuhi alikwenda bombani kuchota maji. Wanawake walikuwa wamejipanga foleni, na Mama Kaluki alikuwa amesimama peke yake, ndoo yake imesogezwa pembeni. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ana mkono mrefu, na tangu Jumanne hakuna aliyempa nguo za kufua. Macho yao yakakutana. Kaluki alimtazama tu, bila chuki, kama anayengoja zamu yake ifike.

Mutindi aliiacha ndoo pale pale akaenda nyuma ya duka. Mlango ulikuwa wazi. Mwangangi alikuwa akifunga chupa kwenye majani makavu.

"Ni mimi," alisema.

"Nini ni wewe?"

"Niliyeingia. Mama Kaluki hakudanganya. Nilikuta ufunguo mfukoni nikadhani una mwanamke humu."

Mwangangi aliweka chupa chini polepole. Mutindi alijitayarisha kupokea matusi, na alikuwa amekwisha kuamua kuyapokea yote. Lakini swali lililokuja halikuwa lile alilolitarajia.

"Ulianza chumba kipi?"

"Hiki. Cha wagonjwa."

"Ulishika?"

"Mmoja. Alinipasukia kidoleni. Nikajifuta kwa leso."

"Ukanawa?"

"Hapana. Nikaingia kule, nikafungua chupa, nikapekua majani. Nilidhani..." Ikambidi amalize. "Nilidhani wewe ni mchawi."

Mwangangi alinyanyua daftari lake, akarudi nyuma hatua mbili, akalifungua kwa namna ambayo Mutindi asingeweza kuona. "Zilikuwa na namba. Unakumbuka namba?"

Alimwuliza mtu sahihi. Mutindi alikuwa na vipimo vya nusu ya Emali kichwani, viuno, mabega na urefu wa mikono, wala hakuandika hata kimoja. Akafumba macho.

"Mbili. Tano. Sita. Kumi. Kumi na nne. Kumi na tano." Alisikia kalamu ikikwaruza kila aliposema. "Na kumi na tisa."

Kalamu ikasimama.

"Kumi na tisa yuko hai," alisema Mwangangi.

"Huyo sikuingiza kidole. Treni ilipiga king'ora nikafunga."

Kisha Mwangangi akaketi sakafuni, juu ya majani makavu, akaanza kucheka peke yake. Sita alizoziingizia kidole ndizo sita zilizokufa. Kumi na saba ambazo hazikuguswa, wazima. Ile moja iliyofunguliwa tu bila kuguswa, mzima. Hakuna mtu Nairobi angeweza kupanga jaribio safi kuliko hilo, maana aliyelifanya hakujua analifanya. Alicheka mpaka akafuta machozi, halafu kicheko kikakatika, na Mutindi akaona uso ukibadilika. Mtu wa maabara alikuwa amemaliza zamu yake, na mpenzi ndiyo kwanza alikuwa anafika.

"Kwa hiyo uliniona mzinzi," alisema, "halafu ukaniona mchawi. Yote mawili kwa saa moja."

"Nusu saa."

"Na mimi nilimfukuza mtu kwa ajili ya jina lako."

"Ndiyo maana nimekuja. Nifanye utakavyo. Lakini na wewe uliniweka kundi moja na wale waliotaka uape. Hukungoja uone nitakimbia au sitakimbia."

"Si ulikimbia?"

Mutindi akakubali kwa kichwa, kwa sababu ni kweli alikimbia.

Mwangangi alimpa karatasi akamwomba aandike alichokifanya, tarehe na saa, kwa sababu neno la mdomo halitatosha huko ofisini. Alimwambia sababu ya kuingia anaweza kuiacha. Mutindi alikataa. Mtu akisoma kwamba fundi wa cherehani ameingia chumba cha serikali bila sababu, atadhani karatasi imetungwa. Basi akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya misheni: *Niliingia kwa sababu nilimshuku kuwa ana mwanamke mwingine, na nilikuwa na wivu.* Akatia sahihi. Masikio yalimwaka moto.

Kisha wakaenda wote wawili kwa Mama Kaluki kumwomba msamaha. Kaluki aliwasikiliza mlangoni pake mpaka mwisho, akasema kwamba msamaha wa hapo nyumbani hausaidii kitu, maana hakutukanwa hapo nyumbani. Akachukua ndoo yake akatangulia. Kwa hiyo Mutindi akasimama bombani, mbele ya foleni nzima, akasema kwamba aliyechukua ufunguo ni yeye na Mama Kaluki hana kosa. Mwangangi akasema aliyekosea kumfukuza ni yeye. Mwanamke mmoja akacheka, wengine wakaangalia miguu yao.

"Siku mbili, Mutindi," Kaluki alisema, akisogeza ndoo yake mbele ya foleni bila kumwomba mtu ruhusa. "Uliniacha siku mbili."

"Ndiyo, *mwaitu*, mama yangu. Nisamehe."

"Nitaona," akasema Kaluki, akafungua maji.

Ijumaa Mwangangi alipanda treni. Mutindi alikwenda stesheni na gauni lake la buluu, ingawa hakualikwa. Mwangangi alimshukuru kwa karatasi kwa heshima kubwa, kama anavyoshukuriwa afisa, wala hakumshika mkono. Treni ikaondoka.

Wiki ya kwanza haikuja barua, wala ya pili. Mvua zikakatika. Mutindi alishona sare za shule, akakosea vipimo vya mtoto wa posta kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shufaa, aliyejiona ana hatia, alimpelekea chai kila saa na kumwambia kwamba wanaume wa Nairobi hawana maana. Mutindi alimwambia asimsingizie. Huyu hakuwa na kosa ila moja, nalo ni kumwogopa; na yeye ndiye aliyempa sababu.

Wiki ya tatu, asubuhi, simu ya Hemedi ililia, ile ya kisanduku ukutani ya kuzungusha kwa mkono. Hemedi alisikiliza, akatoa kichwa nje. "Mutindi. Nairobi wanakutaka."

Duka lilikuwa na wateja saba, na wote saba wakasahau walichojia.

"Halo," alisema Mutindi.

"Wamerudia jaribio lote," ilisema sauti ya Mwangangi, mbali na yenye mikwaruzo. Hakusalimia hata. "Wale wagonjwa wana chembe zinazong'aa ndani yao, na tumeziyeyusha kwa magadi, magadi haya haya mnayopikia maharagwe. Tukachuja kwenye bomba la kauri lisilopitisha hata bakteria. Yakatoka maji meupe safi, huoni kitu. Tukamdunga kiwavi mzima kwa sindano nyembamba, akafa vile vile. Ni virusi, Mutindi. Wananirudisha Emali, mwaka mzima."

"Nimefurahi kwa ajili yako," alisema, na ilikuwa kweli.

"Karatasi yako wameisoma mara mbili. Mkubwa ameuliza huyu mwanamke mwenye wivu ni nani kwangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitapiga simu niulize."

Shufaa alikuwa ameshika ratili ya sukari hewani. Mutindi aligeukia ukuta, akafungua mdomo, na wakati huo huo akasikia, huko Nairobi, karibu kabisa na simu, mwanamke akicheka. Kicheko cha kijana, cha mtu aliye mahali pake.

Kile kitu cha zamani kikamrudia. Alikijua vizuri. Zamani angesema haya, tutaonana, akaweka simu chini kwa adabu, akapanda treni ya kwanza kwenda kutazama mwenyewe kwa macho yake ni nani anayeanika shati la nani.

"Nani anacheka hapo?" aliuliza.

"Mpiga chapa wa ofisi," alisema Mwangangi. "Ananicheka mimi. Anasema hajaona mtu anayevaa tai ili apige simu."

Mutindi alingoja moyo wake udai ushahidi mwingine. Alingoja kidogo tena. Haukudai.

"Ivue," alisema, kwa sauti ambayo duka zima liliisikia. "Baba yangu anaitwa Kivuva, yuko Kathonzweni, na mtu wa tai atamwona anajivuna. Njoo Jumamosi, na mbuzi uje nao."